Jinsi Tulivyourudisha Mfuko wa Nairobi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nikiwa na viatu mkononi. Nilikuwa nimetoka Mvara kwa miguu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mama alinionya nisiingie posta ya Arua na matope kama mtu anayetoka kupalilia muhogo. Mwaka ulikuwa 1979. Vita vya Uganda na Tanzania vilikuwa vimepita miezi michache tu, vioo vya dirisha la mbele havikuwepo, na mlango ulifungwa kwa waya. Nilivaa viatu barazani, nikapiga hodi, nikakutana na Mkuu wa Posta, mzee mfupi kutoka mashariki ya nchi aliyeshikiza miwani yake kwa uzi wa kushonea magunia.

"Wewe ndiye Ayikoru?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Unaweza kusoma mwandiko mbaya?"

"Baba yangu ni mwalimu, Bwana Mkuu. Nimesahihisha madaftari yake tangu niko darasa la sita."

"Basi keti. Kazi unayo."

Alinipa muhuri wa tarehe, ule wa chuma wenye mpini wa mbao, na siku nzima sikufanya lingine ila kuugonga. Kila barua ilipaswa kupata alama ya duara juu ya stempu, yenye jina la mji na siku. Mkono uliniuma hadi nikashindwa kushika kijiko jioni. Mzee yule alipita nyuma yangu akiokota barua moja moja na kuiinua kwenye mwanga. "Muhuri huu unatoa ushahidi," alisema. "Ukiugonga vibaya, umemfanya mwenye barua kuwa mwongo." Siku ya pili akanifundisha kupapasa. Karani wa posta hafungui barua ya mtu, lakini lazima aipitishe kati ya vidole kabla ya kuifunga na nyingine, ajue kama ndani kuna ufunguo, sarafu au kitu kitakachochana mfuko. Nilijifunza upesi, na kwa kuwa nilijifunza upesi nikaanza kujiona.

Siku ya tatu ndiyo niliyofundishwa vishubaka. Hivi ni visanduku vilivyopangwa ukutani, kila kimoja na jina la mji, ambamo barua hutupwa kabla ya kutiwa mfukoni. Zamani, nchi zetu tatu zilipokuwa katika Jumuiya moja, Arua ilikuwa na mfuko wake wa Nairobi. Barua za Kenya zilitiwa humo, mdomo ukafungwa kwa kamba ya katani, na juu ya fundo ikamwagwa lakiri, ile nta nyekundu inayoyeyushwa kwa moto na kupigwa chapa. Hakuna aliyeigusa lakiri hiyo mpaka Nairobi. Siku nane, tisa, barua imefika. Nchi zilipoachana, miaka miwili kabla sijaajiriwa, Nairobi ikawa ugenini. Lebo ya kishubaka chake ilibanduliwa, na barua zake zikawa zinatiwa katika kile kilichoandikwa NG'AMBO, pamoja na za London na Bombay. Zilipelekwa Kampala kuchambuliwa, zikangoja zamu yao, zikavuka mpaka kwa hati za nchi za nje. Simlaumu karani yeyote. Kanuni ilikuwa hiyo, lakini barua ya siku nane ikawa ya miezi miwili, na mara nyingine mitatu.

Na mwenye kutukanwa alikuwa nani? Aliyekaa kaunta. Wiki hiyo hiyo alikuja mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa Mwingereza, fimbo mkononi, akaniwekea barua ya kwenda kwa mwanawe Nairobi.

"Stempu hii haitoshi, mzee. Nairobi ni nchi ya nje."

"Nje?" Aliwageukia watu wa foleni. "Mimi nilitembea na mguu mpaka Nairobi, wakati ya Mwingereza. Hakuna mutu aliniambia iko nje. Ilihama lini?"

Foleni ikaangua kicheko, kisha kicheko kikaisha na hasira ikabaki. Mwanamke mmoja alipiga kaunta kwa kiganja. "Nani aliuliza sisi? Wakubwa wanagombana huko, talaka tunapewa sisi!" Mwingine akasema ni Kenya iliyotoka, mwingine akasema ni Tanzania, wa tatu akasema ni sisi wenyewe. Ikawa kama kesi ya ndoa ambayo kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyebeba masufuria. Nami, msichana wa miaka ishirini mwenye beji mpya kifuani, nikawajibu wote kwa neno moja: "Kanuni ni kanuni." Tangu siku hiyo nikaitwa Madamu Kanuni. Jina hilo lilinikera, na nililistahili.

Sikukaa sana. Mwaka uliofuata vita vilirudi, safari hii milangoni petu, na sisi watu wa West Nile, mkoa wetu huu wa Arua, tukatawanyika kama kunde zilizomwagika. Nilivuka kwenda upande wa Kongo na mama yangu na mkeka. Huko nilikaa miaka nikilima shamba la watu na kuwaandikia wakimbizi wenzangu barua. Hapo ndipo nilipojua barua ni nini. Kaunta hukuonyesha bahasha tu, lakini ukiketi na mtu chini akitafuta neno la kumwambia mkewe ambaye hajui kama yuko hai, kanuni zote hukutoka kichwani. Nililia mara nyingi nikiandika, na sioni haya kusema.

Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, nilirudishwa kazini, na baada ya muda nikapelekwa Koboko kuwa Msimamizi wa Posta Ndogo. Posta ndogo ni ile isiyofunga mifuko yake yenyewe. Inapokea barua na kuzipeleka kwa posta kubwa, na yetu ilikuwa Arua. Nilikuwa na chumba kimoja, kaunta, mizani ndogo, droo yenye kufuli kwa barua za rejista, zile zinazoandikwa kitabuni na kutiwa sahihi kila zinapobadili mikono, na lori la Jumanne.

Koboko haikuwa na nyumba isiyo na mtu Nairobi. Ni mji wa wakulima na wachuuzi, Waislamu na Wakristo, na familia nyingi za wanajeshi wa zamani. Babu zao walihamishwa na majeshi ya kikoloni, wengine wakabaki Kenya wakazaa huko. Kisha vita vyetu vikaongeza. Kwa wenzetu wa miji mingine Jumuiya kuvunjika kulikuwa habari ya redioni. Kwa watu wa Koboko kulikuwa ni dada aliyezikwa ndugu wakapata habari baada ya arobaini kupita. Kila Jumatatu ya soko walinijia dirishani na manung'uniko yale yale, miaka nenda miaka rudi, na mimi sasa sikuwajibu kwa kanuni. Nilisema, "Pole, mama. Pole, mzee." Pole haikufikisha barua hata moja.

Sasa nimfikie Hajati Zamzam. Alikuwa mjane, mwembamba, muuza simsim, na ulimi wake uliogopwa hata na polisi wa soko. Binti yake Mariamu alikuwa amelelewa na shangazi yake Nairobi tangu wakati wa ukimbizi, na sasa alikuwa amepata mchumba. Kwa kuwa baba yake amefariki, mwenye mamlaka ya kumwozesha, yaani walii, alikuwa baba yake mdogo, Mzee Juma, mkulima wa Lobule. Bila idhini ya Mzee Juma hakuna ndoa. Idhini ikapelekwa kwa posta, ikafika siku ya harusi imeshapita, na shughuli ikaahirishwa kwa aibu kubwa. Ikapelekwa ya pili kwa mkono wa dereva. Wazee wa upande wa mume waliikataa. Haina muhuri, walisema, haina tarehe, yeyote anaweza kuiandika.

Jumatatu moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Hajati akaja dirishani bila kunung'unika, na hapo nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, iko ndugu yetu alifika Ijumaa kutoka Nairobi. Wazee wamesema siku arobaini. Barua ya walii na muhuri ya posta. Siku arobaini ikipita, wanarudisha posa, kijana anaoa pengine." Akaweka mikono yote miwili kaunta. "Mariamu amengoja miaka mbili. Barua yako inatembea miezi mitatu. Sasa mimi nifanye nini?"

Nikamwambia pole, kama kawaida. Lakini kesho yake lori la Jumanne likaleta waraka kutoka makao makuu, na nilipousoma nilisimama wima. Nchi zetu zilikuwa zimeanza kuzungumza tena, na idara za posta za Uganda na Kenya zilikuwa na orodha ya miji iliyoruhusiwa kubadilishana mifuko ya moja kwa moja. Jina la Arua lilikuwamo. Lingefutwa, waraka ulisema, isipokuwa Arua ionyeshe kilo mbili za barua za Kenya kwa Jumanne tatu mfululizo, ya tatu mbele ya Mkaguzi. Ikionyesha, mfuko ufungwe siku hiyo hiyo. Nilihesabu kwa vidole. Jumanne tatu, kisha siku nane za safari. Barua ya walii ingefika zikiwa zimebaki siku chache mkononi.

Nilipanda lori hilo hilo hadi Arua kumwona Mkuu wa Posta wa wakati huo. Huyu alikuwa mrefu, mtu wa magharibi ya nchi, mpole, na aliyapenda mafaili yake kuliko chakula.

"Madamu," akasema, "barua za Kenya hazifiki hata nusu kilo kwa wiki. Kwa nini tujiaibishe? Jina likifutwa, limefutwa."

"Nipe Jumanne tatu, Bwana Mkuu."

"Na ukishindwa?"

"Niandikie barua ya onyo. Nitaigonga muhuri mwenyewe."

Alicheka, akafungua faili jipya. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa ndiyo.

Sheikh alitangaza msikitini kwamba kila mwenye mtu Kenya aandike barua, mchungaji akatangaza kanisani, nami Jumatatu nikasimama sokoni juu ya sanduku la sabuni. Nilipomaliza, mchuuzi wa vitenge aitwaye Rajabu akapaza sauti. "Kutoka ilitoka serikali! Kurudi, turudishe sisi? Nani alituuliza ile siku?" Watu wakaitikia, na kweli walikuwa na haki. Kelele zikapanda mpaka nikadhani soko litavunjika.

Hajati Zamzam akapanda juu ya sanduku pembeni yangu bila kuombwa. "Wewe Rajabu! Kila soko unapiga kelele hapa. Kelele yako ilifika Nairobi? Hii mizani ya Madamu haipimi mdomo, inapima karatasi. Kama una hasira, andika! Mwambie ndugu yako umekasirika!"

Wakaandika. Jamani, waliandika! Walimu wa shule walikaa barazani kwangu kuwaandikia wasiojua. Mimi niliwaandikia baada ya saa za kazi mpaka kidole kikaota sugu. Mwanaume mmoja alimwandikia kaka yake ambaye hakusemeshana naye tangu ugomvi wa mbuzi. Bibi mmoja alitaka neno moja tu: "Muulize kama bado anavuta kiko." Nikamshauri aongeze salamu, akakataa, akasema mume wake ataelewa. Jumanne ya kwanza mizani ya Arua ikasoma kilo mbili na ushee. Ya pili ikagota mbili, bila ziada. Mkuu wa Posta alivua miwani, akaifuta, akairudisha usoni.

Ya tatu iliniogopesha. Watu walikuwa wameishiwa na maneno. "Nimeandika mara mbili," Rajabu aliniambia. "Nikiandika tena, watasema nimerukwa na akili." Nilizunguka hadi Lobule kwa baiskeli nikiomba barua. Jumatatu kuelekea magharibi zikaanza kuja kwa mafungu, nikafurahi kupita kiasi. Na kwa furaha yangu nikafanya kosa ambalo hata karani wa wiki ya kwanza hafanyi. Nilizifunga zile bahasha kwa kamba hamsini hamsini, haraka haraka, nikihesabu uzito tu. Sikuzipapasa.

Asubuhi yake nilipanda lori la posta, na nyuma yetu likaja lori la soko limejaa watu wa Koboko, Hajati na Mzee Juma wakiwamo. Barua ya walii, iliyoandikwa na sheikh na kuwekwa dole gumba la Mzee Juma, nilikuwa nayo katika mkoba wa rejista. Mkaguzi alitungoja katika chumba cha kuchambulia. Alikuwa mkavu, mwenye suti ya kijivu, na alikuja na mawe yake ya mizani ya shaba ndani ya kisanduku cha mbao, kwa kuwa hakuamini mawe ya mtu.

Akapima. Kilo mbili na gramu mia moja. Nilimtazama Mkuu wa Posta, akanikonyeza. Ndipo Mkaguzi akachukua fungu la juu, akalifungua kamba, akaanza kupapasa. Barua ya saba akaisimamisha.

"Hii ni nini, Madamu?"

Niliishika, nikapapasa kitu kigumu ndani. Mwenyewe aliitwa kutoka uani aifungue kwa mkono wake, maana sisi haturuhusiwi. Alikuwa Mzee Juma. Ndani ya bahasha, imeviringishwa kwa karatasi isiyo na herufi hata moja, kulikuwa na kipande cha jembe lililovunjika.

"Mzee," Mkaguzi akauliza, "hii ni barua?"

"Walisema kilo," Mzee Juma akajibu, bila kujificha. "Mimi sijui kuandika. Nilileta kilo."

"Huu ni udanganyifu."

"Si udanganyifu, Bwana. Ni jembe."

Mkaguzi hakucheka. Alipapasa zote, moja baada ya moja, na kila nene iliyomtia shaka akaiweka kando. Baadaye tulikuja kujua zile nyingine zilikuwa picha za watoto tu na kurasa nyingi za mtu mwenye maneno. Lakini kando zikawekwa. Akapima tena. Kilo moja na nusu. Akatazama saa. "Saa sita u nusu. Lori la Kampala linaondoka saa nane, nalo ndilo lingebeba mfuko wenu. Saa nane kamili nafunga kitabu changu."

Mkuu wa Posta alininong'oneza, "Si nilikwambia?" Ningekuwa na shimo ningeingia. Nilikuwa nimewatukana watu kwa kanuni nikiwa msichana, na leo, mwanamke mzima, nimewaponza kwa kuisahau kanuni moja. Nilitoka barazani nikawaambia ukweli wote. Kosa ni langu, sikupapasa. Tumepungukiwa nusu kilo, kama barua hamsini, na tuna saa moja na nusu.

Hajati alimgeukia shemeji yake. "Juma! Unaozesha mtoto na jembe?" Mzee Juma akainamisha kichwa, na watu wakaanza kumzomea, na kutoka kwake wakaruka kwa Mkaguzi, na kutoka kwa Mkaguzi kwa serikali tatu, kama kawaida yetu.

Kisha mtu akapenya katikati ya kelele. Alikuwa Mwalimu Wani, mkimbizi kutoka Sudani Kusini aliyefundisha watoto wa wakimbizi Koboko. Alikuwa amepanda lori lile kuja Arua kutafuta chaki.

"Madamu, sisi watu ya Sudani hatukuwa katika hii Jumuiya yenu. Lakini watu yetu iko Nairobi, mingi sana. Barua yetu mnakubali?"

"Mwalimu, ikiwa na stempu na anwani, barua haina kabila."

Akafungua mfuko wake, akatoa madaftari mapya ya shule yake, akayachana katikati mbele ya macho yetu. "Haya. Karatasi iko."

Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaona tena. Wani alituma watu sokoni, wakaja wakimbizi wauza samaki wakavu, wakaja wachuuzi wa tumbaku waliofika asubuhi kutoka Inde, wakaja mafundi cherehani na tepu shingoni. Watu waliandika juu ya magoti, juu ya masanduku ya bia, juu ya mgongo wa mwenzao aliyeinama. Aliyejua kuandika alipewa watatu wasiojua. Mimi niliuza stempu, nikagonga muhuri, nikapapasa kila moja mara mbili. Niliwasikia wakisema kwa sauti wanachoandika. Mmoja alimwambia mjomba wake bei ya samaki. Mwingine alimwambia rafiki wa utotoni tu kwamba yuko Arua, amesimama, anaandika, na watu ni wengi. Mzee Juma alipiga magoti mbele ya Mwalimu Wani akamwambia, "Andika: Mariamu, mimi baba mdogo wako, ni mimi niliharibu. Nisamehe." Akangoja kalamu imalize. "Tena andika: mahindi imekuwa mazuri."

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili nikaingia na mafungu mapya. Mkaguzi aliyapapasa yote, wala sikumlaumu. Mawe ya kilo mbili yalikuwa sahani ya kushoto. Upande wa kulia, juu ya zile zilizokubaliwa, niliweka barua moja moja, maana tulikuwa karibu, na alitaka kuona. Madirishani palikuwa na vichwa juu ya vichwa. Sahani haikutikisika. Nikaweka nyingine. Nikaweka nyingine. Zikabaki mbili mkononi, ikabaki moja. Nikaiweka.

Sahani ya barua ikashuka, polepole, ikatulia chini.

Mkaguzi aliinama akaitazama kutoka ubavuni. Akapuliza vumbi lisilokuwepo. Akaandika kitabuni, akapiga mstari, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza na ya mwisho. "Kilo mbili," akasema. "Madamu, funga mfuko wako."

Vigelegele vilivyopigwa Arua siku ile vilisikika hadi soko kuu, na watu wasiojua lolote wakaitikia. Niliitia barua ya walii mwenyewe, nikaandika namba yake katika hati ya mfuko, nikakaza kamba ya katani. Mkuu wa Posta, yule mpenda mafaili, alishika mshumaa wa lakiri kwa mkono wake, ikamdondokea kidoleni, asilalamike. Niliipiga chapa. Nilikuwa nikilia na kucheka kwa pamoja. Lori lilipoondoka Rajabu alilikimbilia mpaka kona akipiga bodi kwa viganja, kana kwamba ndiye aliyelisukuma.

Siku kumi na nane baadaye mfuko wa kwanza wa kutoka Nairobi ulifika Arua, lakiri yake nzima, na Jumanne iliyofuata Hajati alikuwa dirishani kwangu kabla lori halijazima injini. Hakujua kusoma. Akaniambia nimsomee, hapo hapo, mbele ya watu. Mariamu aliandika kwamba barua ilifika siku ya thelathini na tatu. Wazee waliipokezana, wakaiinua kwenye mwanga, wakasoma jina la Arua na tarehe bila kukosa herufi, na mkubwa wao akasema, "Huyu ana watu kwao. Fungeni ndoa." Ndoa ilikuwa imefungwa Ijumaa. "Mwambieni baba mdogo," alimalizia, "nimemsamehe, na mahindi atuwekee."

Hajati hakupiga kigelegele. Aliegemea kaunta yangu, akafunika uso kwa ushungi, mabega yakamtikisika. Kisha akaniangalia akasema, "Soma tena." Nilimsomea mara nne.

Mfuko wa Nairobi haukukosa uzito tena. Mwenye kujua kwamba jibu litakuja huandika. Baadaye nilirudishwa Arua, nikapanda hadi Msaidizi wa Mkuu wa Posta, nikastaafu mapema, miaka ya tisini ikiyoyoma, wakati redio inatangaza kwamba nchi zetu zinarudiana. Vijana wa ofisini waliruka kwa furaha wakaniuliza mbona mimi nimetulia. Nikawaambia nawapongeza wakubwa, wamechelewa kidogo, lakini karibuni. Watu wa Koboko walikwisha kurudiana kwa mizani.

Ninyi mnaoanza kazi yoyote leo, nawaambia niliyoyajua kwa kuumia. Ijueni kanuni mpaka vidole viijue, maana siku mtakayoisahau watalipa wengine. Lakini msiwapige watu nayo. Ukiwa mvivu, kanuni hukupa sababu ya kufunga dirisha. Mimi nilipoisoma vizuri nilikuta pia mahali pa kuingilia. Na mtu akikukasirikia kaunta, msikilize, huenda anataka kitu kinachowezekana.

Hata sasa nikienda Koboko siku ya soko siwezi kununua nyanya kwa amani. Kila mtu anataka nimthibitishie kwamba barua yake ndiyo iliyoangusha sahani. Rajabu anasema ni yake. Wauza samaki wanasema ni ya mwenzao. Wajukuu wa Mzee Juma wameambiwa ni ya babu yao, na wamewaambia wenzao shuleni. Mwalimu Wani alirudi kwao, lakini nasikia na huko anaisimulia.

Mimi ndiye niliyeiweka. Jina lililoandikwa nyuma ya bahasha ile nalijua kama ninavyolijua langu. Ila karani wa posta huapa kutotaja barua ya mtu mpaka kaburini, na kiapo hicho sijawahi kukishika kwa furaha kama hapa. Kwa hiyo kila anayeniuliza ni barua ya nani, namwambia, "Wewe unaonaje?" Naye huondoka sokoni akitembea kifua mbele.